Kuipigia Soli Pikipiki ya Majini

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msomaji anivumilie nikitoka njiani kidogo; nitarudi. Kazi yangu ilikuwa viatu, pale Kitaji, Musoma. Miaka ile ya dhiki dukani hakukuwa na ngozi, misumari wala sabuni. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, na nguo zilitakata, mtu asikudanganye. Mimi nilikuwaga nafuata matairi mabovu ya malori ya pamba kule Bunda, nayakata viatu vya katambuga, na watu wananibembeleza niwahi kuwamalizia. Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Viatu vya mitumba vikashuka marobota kwa marobota, na wale wa kunibembeleza wakawa wananipita tu. Sikuwalaumu. Hata mke wangu alinunua.

Mteja ambaye hakunikimbia alikuwa makanika wa boti, mtu wa Mugango. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni, upungufu wa kama vidole vitatu, na robota halina kiatu cha namna hiyo. Mimi ndiye niliyekuwa namnyanyulia soli ya kushoto. Siku moja alikuja mchana, mikono mitupu.

"Fundi, leo sikuleta kiatu. Kuna chombo kinataka soli."

Tajiri wake alikuwa ameagiza pikipiki ya majini, iliyokwisha kutumika huko ilikotoka. Haina kiti. Unaanza umepiga magoti, mwendo ukikolea unasimama, umeshika usukani wenye mkono mrefu. Zulia la mpira la pale pa kusimama lilikuwa limebanduka lote, pamebaki patupu panateleza kama kambare. Tajiri alitaka Jumapili aonyeshe wageni wake, na alikuwa amemwambia makanika hivi: ukienda na kurudi mbele ya wageni bila kuanguka, utakuwa mwendeshaji, ukianguka, naleta mtu wa Mwanza mwenye miguu yake yote miwili.

"Na unaangukaga?" nikamuuliza.

"Kila nikisimama. Kushoto, puu."

Hapo nikajua anachotaka. "Tajiri mwenyewe haendeshi?"

"Yeye ni wa kutazama. Ninyanyulie kushoto, fundi. Kama kiatu."

Tukaenda ufukweni. Chombo kilikuwa juu ya matairi mawili. Zulia jipya lilikuja na kopo la gundi lenye maandishi ambayo mimi wala yeye hatukuyaelewa, lakini nilipofungua na kunusa niliijua: ndugu wa gundi ya viatu. Nikaparua gundi ya zamani kwa kisu, nikafuta kwa petroli, maana mahali pa makanika hapakosi oili, na oili na gundi hazisalimiani. Nikakata zulia, na vipande vya kuweka chini yake kunyanyua upande mmoja. Nikapaka huku na huku, nikakaa.

"Bandika basi, inakauka hiyo," akasema.

"Ikikauka ndiyo inashika."

"Gundi gani inashika ikishakauka? Nyie wa viatu mna uongo mwingi."

Nikaendelea kungoja. Gundi hii unaigusa kwa mgongo wa kidole. Isiponata, ndipo unabandika, na ikishagusana hakuna kusogeza tena. Nilibandika vizuri kabisa, nikagonga kwa nyundo ya mpira, sikuacha hata kiputo kimoja cha hewa. Makanika akavua viatu, akapanda, akasimama. Akatazama miguu yake.

"Fundi, sasa nimekuwa kilema wa pande mbili."

Nilikuwa nimenyanyua kulia. Kosa lenyewe nililielewa pale pale. Kiatu nakifanyia kazi kimepinduliwa, soli juu, pua inanielekea mimi. Kushoto kwa kiatu kunakuwa kushoto kwangu. Na hicho chombo nilikaa puani pake vile vile, ila chenyewe hakikupinduliwa. Miaka yote ya mikono yangu ilinidanganya kwa mara moja.

Alikaa kwenye mchanga, hakunitukana. Alisema tu, "Leo Ijumaa."

Kubandua kulichukua Jumamosi nzima, kwa wembe na petroli, na zulia lilichanika vibaya. La juu niliunga viraka, lakini la kunyanyulia halikubaki. Nikaenda nyumbani, nikachukua malapa ya mpira, yangu na ya mke wangu, nikakata, nikapanga kushoto, safari hii nimekaa nyuma ya chombo. Mke wangu alinisema wiki nzima, na alikuwa na haki.

Jumapili wageni walikuja na soda zao. Makanika akaingia majini, akapiga magoti, akashika mwendo, akasimama. Niliyatazama mabega yake tu. Yalikuwa sawa. Akaenda mpaka kwenye mawe wanapotua ndege weupe, akazunguka, akarudi amesimama vile vile. Wageni wakapiga makofi, na hapo ndipo tulipoharibikiwa, kwa sababu makofi yalimpanda tajiri kichwani. Akavua shati.

Alianguka kulia. Akapanda tena, akaanguka kulia. Mara ya tatu alitoka anakohoa maji, akaniita.

"Fundi, mmefanya nini hapo chini?"

"Tumeweka soli mpya, tajiri."

Makanika alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Tajiri akaangalia chombo, akaangalia wageni, ambao mmoja wao alikuwa anacheka waziwazi. Sijui kama aliona ule mwinuko. Nadhani hakutaka kuinama kutafuta mbele za watu.

"Chombo hiki kina wazimu," akasema, akijifuta uso kwa shati. "Huyu ndiye amekizoea. Aendeshe yeye."

Tangu siku hiyo makanika ndiye aliyeendesha, mpaka injini ilipokufa, na mtu wa Mwanza hakuitwa.