Pumzi Thelathini na Nne

Wodini kwetu tulimwita Sista Hesabu, na jina hilo hakulipenda hata kidogo. Lilitokana na tabia yake ya kusimama miguuni mwa kitanda, saa mkononi, macho kifuani mwa mgonjwa, akihesabu pumzi dakika nzima bila kupepesa. Sisi wengine tulikuwa tunaandika ishirini kwa kila mgonjwa na kuendelea na shughuli nyingine. Akizipitia faili zetu alikuwa anafoka.

"Ishirini, ishirini, ishirini! Wodi nzima inapumua kama kwaya? Huyu wa kitanda cha nane amefariki saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili bado mmemwandikia ishirini!"

Hilo la kitanda cha nane lilikuwa kweli, na aliyeandika ni mimi. Tangu siku hiyo nilijifunza kuhesabu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viatu vyeupe alivyovisugua kwa dawa ya meno, na miaka ishirini na sita ya kazi katika wodi hiyohiyo ya wanaume. Kilichomkera zaidi ya yote ni watu wanaokuja hospitali wakiwa wamechelewa. Alikuwa akiwapokea kwa ukali, akiwahudumia kwa upole, kisha anaanza tena ukali wakishapata nafuu. Kwa hiyo yaliyompata kwa shemeji yake yalimchoma kuliko ambavyo yangemchoma mtu mwingine.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake, alikuwa fundi makochi. Mtaa mzima ulimwita Misumari, kwa sababu alifanya kazi akiwa amebana misumari midogo kwa midomo, na hapohapo anaongea, anacheka, anapokea simu. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachotazama barabara, sponji zimepangwa hadi darini. Jumatatu moja alikuwa anachana kochi kuukuu, springi yenye kutu ikafyatuka na kumtoboa kidole cha shahada, pale kinapoungana na kiganja. Akafuta damu kwenye suruali, akafunga kidole kwa kipande cha kitambaa cha kochi, akazungushia utepe wa gundi. Akaendelea.

Alhamisi, Sista Hesabu alipotoka kazini alipitia kwa mdogo wake. Akaona ule mkono.

"Fungua nione."

"Shemeji, umekuja kutusalimia au kukagua?"

"Fungua, bwana!"

Alifungua kwa kujivuta. Kiganja kilikuwa kimevimba, kinang'aa, kina joto. Wekundu ulikuwa umefika kwenye kifundo cha mkono.

"Kesho saa mbili asubuhi uwe hospitali. Umesikia?"

"Kesho nina seti ya mteja, anaifuata mchana."

"Sijakuuliza habari za seti. Saa mbili."

"Haya, Sista, haya. Nitakuja hata na mto wangu."

Akacheka, na mdogo mtu akacheka. Sista Hesabu alikuwa amesimama saa kumi na mbili mfululizo siku hiyo, miguu inamuwaka. Akaenda nyumbani kulala.

Ijumaa saa mbili, shemeji hakuonekana. Saa nne Sista akampigia simu. "Uvimbe umepungua, shemeji, wala usihangaike." Saa nane akampigia tena. "Niko njiani kabisa." Nyuma ya sauti yake nyundo ilikuwa inagonga mbao. Nilikuwa karibu naye, nikamwona anaitazama simu kana kwamba ndiyo iliyomdanganya.

"Huyu mtu," akaniambia, "ananitania mpaka kwenye uhai wake."

Jumamosi mchana mdogo wake alimleta mumewe kwa gari la kukodi. Alikuwa anatetemeka, meno yanagongana, blanketi limemfunika hadi shingoni. Sista Hesabu alikwenda mlangoni mikono kiunoni, maneno yote ameshayapanga. Misumari akamtazama, akasema kwa heshima kubwa: "Mama, samahani. Kochi lako litakuwa tayari Jumanne."

Kwanza tulidhani ni mzaha wake wa kawaida. Kisha Sista akayaona macho yake, akaishusha mikono. Mtu huyu hakumjua.

Akatoa saa. Pumzi thelathini na nne kwa dakika. Mapigo ya moyo mia moja thelathini na mbili. Presha themanini na mbili kwa arobaini. Joto la mwili thelathini na tisa na nukta saba.

Daktari wa zamu alikuja, mtu mwenye adabu zake, ametoka chuoni mwaka uleule. Akamgusa mgonjwa paji la uso. "Tupime malaria kwanza, Sista. Majibu yakitoka tutajua pa kuanzia."

"Daktari, mkono huo umeuona?"

"Nimeuona. Lakini tusikurupuke."

"Nani anakurupuka? Pumzi thelathini na nne, presha imeanguka, mgonjwa hamjui hata dada wa mkewe! Pima malaria, pima na kichocho ukipenda, lakini damu ya kwenda maabara kuotesha vijidudu itoke sasa hivi na antibiotiki iingie sasa hivi. Hii ni sepsisi, uambukizi umeshaenea mwili mzima. Tukikaa kungoja karatasi ya maabara, itatukuta tunafunga maiti."

Daktari alimtazama tena mgonjwa, safari hii kwa muda. Kisha akakunja mikono ya koti. "Lete dripu mbili," akaniambia. Sina budi kumsifu. Wapo ambao wangebishana ili tu wasishindwe na muuguzi.

Mdogo wake Sista alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, amekumbatia viatu vya mumewe.

"Dada, mimi sielewi. Anaumwa kidole. Kidole ndicho kinachomfanya asikujue?"

"Si kidole tena." Akaketi kando yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ikashuka. "Sikiliza. Springi iliingiza vijidudu. Mwili ukapeleka chembe nyeupe za damu kwenda kupigana navyo. Zikifika pale zinamwaga kemikali, mishipa ya damu inatanuka, kuta zake zinaachia nafasi ili chembe nyingine zipenye ziingie kwenye nyama. Ndiyo maana mahali panavimba, panakuwa pekundu, panauma. Hiyo ni kazi nzuri, ikibaki kidoleni."

"Haikubaki."

"Haikubaki. Vijidudu vimeingia kwenye damu, na sasa kinga ya mwili inafanya vilevile kila mahali. Mishipa imetanuka mwili mzima, maji yanavuja, presha inaanguka. Ubongo haupati damu ya kutosha, ndiyo maana anaongea ovyo. Figo nazo hazipati."

Mdogo wake akafikiri. "Kwa hiyo mwili wake mwenyewe ndio unaomuua?"

"Vijidudu vimeanza. Mwili wake unamalizia."

"Sasa si muuzuie huo mwili!"

"Tukiuzima kabisa, vijidudu vitamla. Tunaua vijidudu, tunashikilia presha, daktari wa upasuaji anafungua mkono kutoa usaha. Halafu tunasubiri."

"Mnasubiri! Miaka yote umesomea kusubiri?"

Sista Hesabu akainuka, akarudi wodini kuangalia dripu.

Jumapili asubuhi kaka mkubwa wa Misumari alifika kumwona. Akamshika ndugu yake shingoni, akatoka koridoni na simu, akaanza kuutangazia ukoo mzima. "Homa imeshuka! Ndiyo! Amepoa kabisa! Tunamshukuru Mungu!" Watu wa vitanda vya jirani wakaanza kupongezana.

Sista Hesabu alitoka kama mshale. "Nani amekuambia amepata nafuu?"

"Si amepoa? Mguse!"

"Ana thelathini na tano na nukta nne! Huko si kupoa, huko ni kuishiwa! Mwili umeshindwa hata kutengeneza homa. Na uone huu mfuko wa mkojo: tangu alfajiri mililita thelathini. Thelathini! Zima hiyo simu!"

Kaka mtu aliizima, kisha akauliza kwa hasira kwa nini basi wanamjaza maji mpaka uso umevimba kama puto. Sista alieleza tena habari ya mishipa inayovuja: kwamba maji yanatakiwa ndani ya mishipa, nayo yanatoka nje. Akaeleza kwa mjomba aliyefika saa tano. Akaeleza kwa shangazi wawili waliofika saa saba, mmoja wao akasema labda ni zile sponji za karakana. Nilimwona anafumba macho na kuvuta pumzi ndefu kabla ya kuanza upya.

Alasiri hiyo Misumari alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi, akaanzishiwa dawa ya kubana mishipa ili presha isimame. Kidole cha shahada kilikuwa kimekuwa cheusi. Damu ilikuwa imegandaganda kwenye mishipa midogo, kidole kikakosa uhai. Jumatatu kilikatwa.

Nilimkuta Sista kwenye stoo ya dawa, amesimama mbele ya rafu, anaipiga kwa kiganja polepole.

"Alhamisi," akasema. "Niliuona mkono Alhamisi. Wekundu umefika hapa. Angekuwa muuguzi mwingine amefanya hivyo, ningemfokea mpaka ajute kuzaliwa."

"Lakini ulimwambia aje."

"Nilimwambia! Miaka ishirini na sita nawaambia watu!" Kisha akachukua boksi la glavu alilokuwa amelifuata, akatoka.

Siku ya nne figo ziliamka. Sijapata kumwona mtu akifurahia mkojo namna ile. Aliinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha, akawaita wote waliokuwa karibu. "Mia mbili na hamsini! Njooni mwone!" Siku ya sita Misumari alifungua macho, akamtambua mkewe. Siku ya kumi na tisa akaenda nyumbani.

Ndugu walidhani mambo yamekwisha hapo. Lakini nywele zilimdondoka. Magoti yakawa yanamtetemeka akipanda ngazi tatu za mlango. Alipima kochi mara mbili na kusahau vipimo mara mbili. Mchana alilala kama mtoto, na wapita njia wakasema fundi amekuwa mvivu, ameonja kukaa bure. Mkewe aligombana na jirani mmoja kwa maneno hayo hadharani. Miezi miwili baadaye Misumari akashikwa na nimonia. Daktari alimweleza kwamba baada ya vita kama ile kinga ya mwili hubaki imechoka kwa miezi, na kijidudu ambacho zamani kingepita bila yeye kujua sasa kinaweza kumlaza. Safari hii alisema "ni kikohozi tu" mara moja tu. Mkewe hakungoja aseme mara ya pili.

Mwaka uliofuata kiti cha chumba chetu cha wauguzi kilichanika, nikampelekea Misumari, tukifuatana na Sista. Misumari alikuwa anafanya kazi nusu siku, kwa vidole tisa, taratibu, misumari kwenye kopo mezani. Alikipima kiti, akaandika vipimo kwenye daftari, kisha akasema bila kumtazama shemeji yake:

"Siku ile ya Alhamisi. Kwa nini hukunikamata shati ukanipeleka?"

Nilitamani kutoka nje. Sista Hesabu alikaa kwenye lundo la sponji.

"Nilikuwa nimechoka," akasema.

Misumari akatikisa kichwa kukubali. "Na mimi nilikuwa na seti ya mteja."

"Mteja mwenyewe alikuja?"

"Alikuja wiki iliyofuata. Akasema rangi haikumpendeza."

"Mjinga wewe," akasema Sista Hesabu, na sauti ikamkatika. "Mjinga kabisa."

Misumari akamsogezea kikombe cha maji kwa ule mkono wenye vidole vinne, akarudi kwenye kiti chetu.