Neno la Karambu Lililoruka Mashamba

Tangu asubuhi Karambu hakutulia kitini. Chai yake ilikuwa imepoa mezani, katika ofisi ya Isak mjini Maua, na Isak, mwenye magari ya kubeba miraa, alikuwa ameshatamka: saa sita ikifika, dereva wake Njuki arudishe ufunguo wa gari.

"Huyu anaruka mashamba kama mbuzi aliyekata kamba," Isak alisema. "Siku mbili sasa miraa ya watu inanyaukia barabarani kule Laare."

"Mzee Isak, mimi nafuata orodha ya wakulima iliyo kwa simu," Njuki akajibu. "Imetoka kwa msomi wako, Karambu. Ama mimi ndiye nimeiandika?"

Orodha ilitoka kwenye programu ya Karambu. Siku tatu nyuma, akitafuta kosa dogo, alichoka kuandika mistari mirefu ya kuchapisha kila thamani kwenye skrini. Akatunga makro: neno moja, ONYESHA, ambalo kompyuta huligeuza kuwa mistari hiyo yote. Ukilifunga kwenye kitu, linakionyesha kwenye skrini, kisha linakirudisha kazini. Kosa likapatikana, naye akasahau kulifuta neno lake mahali pamoja kwenye programu. Uvivu wa msomi hujiita haraka.

Alisimama, akaketi, akafungua yale yaliyochapishwa. Igoki. Kananu. Nthiga. Wakulima hao hao waliolalamika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya Njuki.

Akaifungua makro. Ndani yake alikuwa ameandika kile kitu mara mbili, mara moja kichapishwe, mara ya pili kitumike. Na kitu chenyewe kilikuwa amri ya kumwita mkulima anayefuata, nayo ikatekelezwa mara mbili. Igoki aliitwa, akaishia kwenye skrini. Jirani yake akaitwa, akaenda kwa dereva. Hivyo hivyo hadi mwisho, mmoja anachukuliwa, mmoja anarukwa.

Dawa ilikuwa rahisi: ita mara moja, weka jibu pembeni, lichapishe, lirudishe. Alirekebisha kwa dakika mbili. Angeweza kufunga kompyuta akanyamaza, na Njuki aende zake. Saa ya ukutani ilisema saa sita kasorobo, na Njuki alikuwa ameshauweka ufunguo mezani.

"Mzee, kosa ni langu," alisema. "Njuki hakuruka mtu."

Isak akausukuma ufunguo kwa dereva. "Mpeleke msomi wangu Laare. Amwambie Igoki mwenyewe."

"Panda," Njuki akasema. "Leo tunasimama kila lango."