Dishon na Trekta ya Kujiendesha

Mume wangu Dishon ameendesha trekta katika shamba la mkonge hapa Voi miaka ishirini na saba, na kwa ubishi hana mpinzani. Meneja alipoleta trekta ya kujiendesha yenyewe ili ijaribiwe, kila mtu alijua Dishon ndiye atakayekuwa wa kwanza kuipinga.

"Hiyo kitu haina mtu! Itatumaliza," alisema Lorna, mkataji mkonge, na uwanja mzima ukamuunga mkono.

Meneja akauliza nani atakubali kukaa juu yake, ashike breki mambo yakiharibika. Dishon akainua mkono. Wakamzomea, wakamwita msaliti.

Mimi peke yangu nilijua sababu. Macho yalianza kumfifia mwaka juzi. Alikuwa akiendesha kwa kuhesabu ile miti mirefu ya maua ya mkonge kando ya njia: wa nne, kata kushoto, wa tisa, punguza mwendo, wakataji wanavuka. Kisha watu wakaikata wakajengee mabanda ya kuku. Kila asubuhi alitoka hivyo hivyo, nami nikabaki nikiomba asiue mtu. Kumwambia meneja hakutaka, aliogopa kufutwa. Nilimkasirikia kwa hilo.

Siku ya majaribio trekta ilikwenda vizuri, halafu ikasimama ghafla katikati ya njia. Dishon hakuona sababu. Akashuka, akakodoa macho, ndipo akamwona Lorna hatua tatu mbele, amechutama akifunga mzigo wake wa majani.

Saa ya chakula Lorna alikuja kwetu amefura, akamgeukia Dishon. "Karibu initoe roho, hiyo mashine! Afadhali wewe, Baba Elly. Wewe uko na macho."

Dishon aliweka kikombe chini. Nilidhani atafanya mzaha, kama kawaida yake.

"Lorna, mimi sikukuona," akasema. "Ningekuwa naendesha mimi, saa hii tungekuwa matangani kwako."

Lorna akamtukana matusi nisiyoweza kuyaandika, akamshika mkono, akampeleka mwenyewe mpaka ofisini kwa meneja.

Nilisubiri nje, roho mkononi. Walitoka na barua ya kwenda kupasuliwa mtoto wa jicho, na ahadi kwamba kazi yake itamngoja. Lorna bado anaapa hataizoea ile trekta. Mimi nilirudi nyumbani nikalala mchana kweupe, usingizi wa miaka miwili.