Robo Saa ya Kupumzika

Mwaka ambao Ubelgiji iliingiza kanuni za Ulaya katika sheria zake za kazi, nilikuwa nikipiga pasi mashuka ya hoteli kwenye duka la dobi huko Saint-Josse. Nilimwambia bosi kwamba baada ya kufanya kazi saa sita mfululizo tuna haki ya kupumzika robo saa. Alinikaba shingo, akanikandamiza uso kwenye pasi ya moto. Shavu likaungua.

Maman mmoja wa Bukavu, mwenzangu wa kazi, alimtwanga ndoo ya chuma mgongoni mpaka akaniachia.

“Ikala chini, mutoto yangu,” akasema akihema. “Bon, sasa tunapumuzika.”

Tuliketi sakafuni hadi polisi walipofika. Bosi alifungwa jela, duka likafungwa, nasi tukaanza kutafuta kazi upya.