Sauti Niliyoifuta Kwangu Tu

Aibu hii bado inaniwasha masikio, lakini bora muisikie kwangu kuliko kwa jirani yangu Papa Kambale, ambaye anaongeza chumvi.

Mimi ni adimini wa grupe ya telefone ya avenyu yetu, hapa Mabanga. Hawakunichagua kwa akili, ni kwa sababu sitoki nyumbani (mutu anayeshinda kwenye kiti ana nafasi ya kusoma upuuzi wa watu wote). Tangu lava ya volkano ikate mabomba maji yalikuwa hayaji, kampuni ya maji inatutumia ahadi tu, kisha vita ikakaribia, na mchana mmoja tukasikia direkteri wa kampuni hiyo amepigwa risasi barabara ya Sake, amefia ndani ya gari lake. Grupe ikajaa vicheko. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuwazuia, nikatuma ujumbe wa sauti: "Mwambieni huko aendako apange foleni na bidoni ya maji, kama sisi."

Dakika moja baadaye nikamkumbuka Mama Aline, fundi wa nguo wa mlango wa pili, ambaye nikiugua ndiye huniletea ugali. Marehemu ni kaka yake, na yeye yumo mu grupe.

Telefone ikauliza: nifute kwangu tu, ama kwa wote? Kwa haraka nikabonyeza, sauti ikapotea mbele ya macho yangu, nikamshukuru Mungu. Basi nikageuka polisi. Vicheko vya wenzangu nilivifuta vizuri, kwa wote, nikaandika hotuba ndefu juu ya heshima ya wafu. Papa Kambale akauliza, "Na weye mwenyewe, Adimini?" Nikamtoa mu grupe kwa kukosa adabu.

Siku ya kilio avenyu ilipeleka gunia la makala ya kupikia, na adimini ndiye msemaji. Nikasimama mbele ya mama mzazi wa marehemu, nikakohoa kidogo, nikasema, "Mama, kwetu hakuna mutu anayecheka kifo." Watu wakaangalia viatu vyao. Mama Aline akanivuta mkono taratibu.

"Papa Adimini, ikala chini. Sauti yako iko bado mu grupe. Mama alisikia umetuma, akazani ni pole, akaniomba nimuwekee asikie."

"Akasema nini?"

"Aliuliza kama ni weye ule mutu ninapelekeaka ugali."

Mama mzee alikuwa kwenye mkeka, hatua mbili kutoka kwetu. Hakuniangalia.

Juzi avenyu ilikutana kuandikia kampuni barua, maana bomba ni kavu mpaka leo. Nilikuwa na mengi ya kusema, na yote ya haki. Nikanyoosha mkono, nikaona Mama Aline ananitazama, nikauteremsha kama mutu aliyekuwa anajikuna kichwa. Barua ikaandikwa bila mimi. Sasa nimeapa: akifa mutu, hata kama alinikausha koo, telefone yangu nitaikalia mpaka azikwe.