Sehemu ya Mto

"Dada Aikande, nusu ya kiwanja umemuuzia nani?"

Filemon, jirani yake, alimuuliza hivyo siku alipomkuta akipanda masale katikati ya kiwanja chake, kule Kiboriloni. Alikuwa na haki ya kuuliza. Kila Mchagga anajua kwamba palipo na masale pana mpaka.

"Sijauza," Aikande akamjibu. "Nimeupimia mto sehemu yake."

Filemon alicheka mpaka akashika mbavu. "Na kodi ya ardhi mto utalipa wenyewe? Maji yale yalipotea njia tu, hayarudi."

Aikande hakuudhika. Ile siku ya maji, jua lilikuwa linawaka Kiboriloni, watu wameanika nguo, kumbe juu mlimani mvua inanyesha. Mto ukashuka na magogo, ukabeba banda na ng'ombe wake ndani. Maji yalipopungua, aliangalia tope lilipokomea, akamshukuru Mungu aliyemwachia nyumba, ndipo akapanda masale kwenye mstari uleule. Upande wa juu akaweka jiko na kuku. Upande wa chini akapanda magimbi, kitu ambacho mto ukikitaka uchukue tu, hakuna atakayelia.

Masika yaliyofuata maji yalirudi. Yakala magimbi, yakaishia miguuni pa masale. Basi majirani wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba miche, nao wakapima kwao.

Filemon hakuja. Yeye alikuwa anachimba msingi wa vyumba vya kupangisha, chini kabisa, karibu na mto.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Aikande alichuma jani moja la isale pale mpakani, akalifunga fundo, akaenda nalo kwa jirani yake. Filemon alipoliona, utani ukamwisha. Aliyeletewa isale hawezi kumfukuza aliyelileta. Ni lazima asikilize.

"Sisi hatuna ugomvi, dada. Hilo la nini?"

"La ombi."

"Kama ni ule msingi, nimeshauombea."

"Hata Nuhu alikuwa mtu wa maombi, kaka yangu, lakini mbao alizitafuta."

Filemon alitaka kucheka, akashindwa. Akalipokea jani kwa mikono miwili. Aikande akasema taratibu, kama mtu anayejua kwamba atasikilizwa:

"Nakuomba hapo chini upande magimbi. Usilaze mtoto wa mtu."