Neno Alilolipenda Masanja

Mjukuu wangu, siku hizi kumbukumbu zinanijia bila mpangilio, na iliyotangulia leo ni ya ng'ombe. Mwaka mmoja wa ukame, baba yako hajazaliwa bado, ng'ombe wetu mwekundu alianguka bomani kule Zagayu akashindwa kusimama. Wanaume wanne wakapitisha mti chini ya tumbo lake, wakamnyanyua, mmoja akimkunja mkia. Akasimama. Siku tatu walimnyanyua hivyo hivyo. Ya nne hakutaka tena. Sijui kwa nini naanza na ng'ombe, nilitaka kusema juu ya kaka yangu Masanja.

Mimi niliishia darasa la tatu, yeye alisoma. Alikuwa na kamusi isiyo na jalada, na neno alilolipenda humo ni la Kiingereza, rise.

"Jua likichomoza, rise," aliniambia tukichuma pamba. "Mtu akiamka, mto ukijaa, bei ikipanda, wafu wakifufuka, ni hilo hilo."

Mwalimu mmoja wa Bariadi alikuwa amemweleza kwamba ni neno la kale sana, na kwamba Wajerumani wana neno ndugu yake ambalo kwao ni kusafiri, kwa kuwa zamani aliyeinuka alikuwa anashika safari.

"Wazungu wavivu," nikamcheka. "Neno moja kazi zote!"

"We chuma pamba."

Ndiyo miaka soko huria lilipoingia. Kabla ya hapo ushirika peke yake ndio ulionunua, na karani alitenganisha pamba safi na fifi, ile chafu ya bei ya chini. Sasa yakaja magari ya kampuni yakigombea, hakuna anayefungua furushi kutazama ndani. Masanja alikuwa amemposa Kabula wa Mwanhuzi. Baba wa binti alisema atangoja ng'ombe wa mahari mpaka mwisho wa msimu, baada ya hapo kuna mposaji mwingine. Ng'ombe hao walikuwa ndani ya pamba ile, kwingine hakuna.

Nikajitia kumsaidia. Majirani walikuwa wanamwagia pamba maji ili izidi uzito, wanauza siku hiyo hiyo. Asubuhi moja, Masanja akiwa kisimani, nikanyunyizia mafurushi yetu yote. Sikumwambia. Mchana gari likaja, naye akakataa kuuza.

"Bei itapanda," akasema. "Wiki mbili tu."

Hapo ndipo ilinipasa kufungua mdomo. Nikanyamaza. Niliogopa ngumi yake, mjukuu wangu, si zaidi ya hapo.

Baada ya wiki mbili likaja gari la mwisho. Karani wake akasikia harufu, akatumbukiza mkono ndani ya furushi, akautoa upesi. Pamba ilikuwa ya moto kama uji, nyeusi, inanuka.

"Kijana, hii hata fifi siyo. Kamtandikie punda wako."

Watu wakacheka. Masanja akanitazama, na uso wangu ukamwambia yote. Akakaa juu ya furushi.

Basi sikia. Ukiharibu jambo la mtu, mwambie siku hiyo hiyo, lingali linaanikika. Pamba ile ingekauka kwa jua la siku moja. Ngumi ingepoa kabla ya jioni. Mimi nimezeeka nayo ile asubuhi, na hakuna aliyebaki wa kunisamehe. Mungu akupe mdomo mwepesi kuliko wangu, akulinde na nyumba yenye kigoda kisichokaliwa.

Lakini sijamaliza. Gari lilipoondoka nilimshika kwapani, kama walivyomshika yule ng'ombe.

"Kaka, inuka twende nyumbani."

Akautoa mkono wangu taratibu. Akainuka mwenyewe, akapangusa suruali, akashika njia ya Maswa. Kamusi ilibaki juu ya furushi. Nilidhani anakwenda kunawa.

Mama alimfunikia ugali wake jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa. Hakurudi.